Haki ya Kumchagulia Mtoto

Katika mambo ambayo mtu huyafanya bila ya kuomba ruhusa ya yeyote, kumchagulia mtoto wake ni la kwanza. Humchagulia jina kabla hajajua kuitika, chakula kabla hajaota meno, na lugha kabla hajatamka neno. Hapana mwenye akili anayeulalamikia uteuzi huo, maana bila ya huo mtoto asingeishi. Lakini siku hizi umeongezeka uteuzi mmoja ambao babu zetu hawakuujua: uteuzi wa picha ziendazo, yaani filamu na katuni, atakazozitazama mtoto wa miaka mitatu au minne. Swali la insha hii ni jepesi kulisikia na zito kulijibu. Mzazi anayetafuta picha njema za kumwonyesha mtoto mdogo hutafuta nini hasa, na ana haki gani ya kutafuta kwa niaba ya mwingine?

Swali hili si la miji mikubwa peke yake. Ilembo ni kata katika mji wa Mpanda, mkoani Katavi, magharibi ya Tanzania. Zamani kitu kilichotoka mbali kilifika Mpanda kwa gari moshi, kwa tawi la reli litokalo Kaliua, lililojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi. Kitu kilichosafiri hivyo kilichukua siku nyingi, na njiani kilipita mikononi mwa watu wengi. Leo katuni iliyochorwa Tokyo au Los Angeles huweza kufika Ilembo kwa dakika chache katika simu ya mkononi, wala haipiti mkononi mwa mtu yeyote. Mtoto huishika simu, hugusa kioo, na picha humfuata picha mwenzake kama siafu katika mstari. Na nje ya nyumba viko vibanda umiza, ambamo filamu za watu wazima huonyeshwa kwa kiingilio kidogo, na ambamo jicho la mtoto hupata tundu la kuchungulia.

Katika nchi nyingine mzazi aliyeingiwa na hofu hii hukimbilia filamu za utoto wake. Husema: mimi nilizitazama hizi, nazo hazikunidhuru, mwanangu naye azitazame. Kwetu njia hiyo ni nyembamba. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini bara ilingoja mpaka mwaka 1994. Aghalabu mzazi wa Ilembo aliyezaliwa kabla ya hapo hakulelewa na katuni. Alilelewa na hadithi za bibi, kwa Kibende, Kikonongo, Kipimbwe, Kifipa au Kisukuma. Filamu iliyo ya kale kwa wengine, kwake ni mpya. Hana kumbukumbu tamu ya kumshawishi, wala uzoefu wa kumwongoza. Hapana budi achague kwa hoja. Huu waweza kuonekana kuwa ni upungufu, na kwa upande mmoja ni upungufu kweli. Lakini kwa upande wa pili ni neema, maana mapenzi ya utoto wetu ni hakimu mwenye upendeleo.

Tuanze na hoja za wale wasemao kuwa filamu za zamani ni bora kwa watoto wadogo. Hoja ya kwanza ni mwendo. Filamu nyingi za kale hazina haraka. Mtu hufungua mlango, huingia, huketi, na mtazamaji humwona akifanya yote hayo. Katuni nyingi za leo hukatwa vipande vipande, na jicho halipewi nafasi ya kupumzika. Mwaka 2011 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, walitangaza jaribio walilolifanya kwa watoto 60 wa miaka minne. Wengine walionyeshwa katuni yenye mwendo wa kasi kwa dakika tisa, wengine kipindi cha mafunzo chenye mwendo wa taratibu, na wengine walipewa kalamu za rangi wachore. Mara baada ya hapo wote walipewa kazi za kupima umakini na kujizuia. Wale wa katuni ya kasi walishindwa kuliko wenzao. Jaribio hilo lilipima saa ile tu, halikupima maisha. Hata hivyo linatosha kumfanya mzazi afikiri. Nalo Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilishauri kwamba mtoto aliye chini ya miaka miwili asitazamishwe picha kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asipitishe saa moja kwa siku, na kadiri inavyopungua ndivyo inavyofaa zaidi.

Hoja ya pili ni ungo wa wakati. Kitu kilichodumu miaka mia moja kimepepetwa na watu wengi. Mwaka 1926 mwanamke mmoja wa Kijerumani, Lotte Reiniger, alimaliza filamu ya mwanamfalme Achmed, iliyotokana na hadithi za Alfu Lela Ulela, ambazo watu wa pwani yetu wanazijua kwa miaka mingi. Aliikata kwa mkasi, kivuli kwa kivuli, na ndiyo filamu ndefu ya kuchorwa iliyo ya zamani kuliko zote zilizosalia. Mwaka 1921 Charlie Chaplin alitoa filamu ya mtu maskini anayemlea mtoto aliyetupwa. Haina maneno ya kusikika, na mtoto wa Kisukuma aweza kuifuata sawa na mtoto wa London. Mwaka 1956 Mfaransa Albert Lamorisse alitoa filamu ya mtoto na puto jekundu, dakika 34 tu, nayo karibu haina mazungumzo. Kazi kama hizi hazimhitaji mtoto ajue Kiingereza. Zinamhitaji ajue kutazama, na kila mtoto anajua.

Watu husema ya kale ni dhahabu. Lakini watu hao hao husema kuwa vyote ving'aavyo si dhahabu, na msemo wa pili uko hapa kwa kuulinda ule wa kwanza. Ungo wa wakati una matundu makubwa. Katika filamu ya Dumbo, ya mwaka 1941, wamo kunguru wanaoimba na kucheka kwa namna ya kuwadhihaki Wamarekani weusi, na kiongozi wao alipewa na watengenezaji jina la Jim Crow, jina la zile sheria za ubaguzi. Mwaka 2020 kampuni ya Disney yenyewe iliongeza nguvu ya onyo mbele ya filamu hiyo. Mwaka 1968 katuni kumi na moja za Warner ziliondolewa katika maonyesho kwa sababu zilimchora mtu mweusi kama kikaragosi cha kuchekwa. Hata ile kazi ya Reiniger niliyoisifu ina mchawi mwovu, naye ameitwa mchawi wa Kiafrika. Fikiri mtoto wa Ilembo akiuliza: kwa nini mchawi ametoka kwetu? Aliyeikata filamu hiyo kwa mkasi hakumfikiria muulizaji huyo.

Basi, je, turudi katika hadithi zetu, tuseme kwamba huko ndiko kwenye usafi? Tutazame. Mwaka 1935 kampuni ya Disney ilitoa katuni ya mashindano ya mbio ya kobe na sungura. Sungura ana majivuno, anapoteza wakati njiani. Kobe ana subira, anashinda. Mzazi yeyote ataipenda kwa mafunzo yake. Lakini katika masimulizi mengi ya Afrika ya Mashariki na ya Kati kobe hashindi kwa subira. Huwapanga ndugu zake njiani, kila mmoja mahali pake, na kila sungura aitapo, kobe mmoja huitika kutoka mbele. Na mwishoni yuko kobe ambaye hakukimbia hata hatua moja. Huo ni udanganyifu, nasi tumeusimulia kwa watoto vizazi kwa vizazi, wala jamii zetu hazikuwa jamii za wadanganyifu. Hadithi ile ilimfundisha mdogo kwamba mwenye nguvu aweza kushindwa na ukoo ulioungana. Ilimfundisha pia, kwa upande wa sungura, kwamba anayekimbia peke yake hajui anashindana na wangapi.

Kwa hiyo wema wa hadithi si kukosa uovu ndani yake. Ukiziondoa hila, hofu, kifo na huzuni katika hadithi za watoto, unabaki na maji ya vuguvugu yasiyokata kiu. Puto jekundu la Lamorisse linapasuliwa na watoto wakatili, na mtazamaji mdogo hulia. Lakini kilio hicho ni kilio chema, kwa kuwa kimemfundisha kupenda kitu dhaifu. Wala wema wa hadithi haufanani kila mahali. Chukua Bambi, filamu ya mwaka 1942. Ndani yake mwanadamu haonekani. Ni tishio tu linaloingia msituni na kumwua mama wa mtoto wa paa. Kwa mtoto wa mjini Ulaya, aliyemwona mnyama katika kitabu, huenda fundisho hilo la huruma likawa na manufaa makubwa. Lakini katika mkoa wa Katavi, ambamo hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 1974 na viboko wa mto Katuma wanajulikana mbali, mnyama wa porini si mgeni. Kuna mkulima aliyelala njaa kwa sababu ya shamba lililokanyagwa usiku mmoja. Mtoto wake akiambiwa na picha kwamba mtu ndiye adui na mnyama ndiye maskini, ameambiwa nusu ya kweli. Na nusu ya kweli, isipopata mtu wa kuikamilisha, humfanya mtoto amwonee haya baba yake.

Hapa ndipo tunapofika penye kiini cha jambo. Ikiwa umri wa filamu si dhamana, na kukosa uovu si dhamana, na hata sifa yake katika nchi nyingine si dhamana, basi dhamana iko wapi? Nadhani haimo katika filamu. Imo katika mtu aliyeketi kando ya mtoto. Lakini kabla ya kulieleza hilo, hapana budi tukabili historia, maana neno hili la kuwachagulia watu picha njema limewahi kutumiwa nchini mwetu kwa namna iliyotuachia funzo chungu.

Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na kazi ya majaribio ya sinema huko Vugiri, katika milima ya Usambara, iliyosimamiwa na Baraza la Kimataifa la Misheni kwa msaada wa fedha za Carnegie kutoka Marekani. Wasimamizi wake, Notcutt na Latham, walitengeneza filamu zipatazo 35 na kuzitembeza katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Northern Rhodesia: filamu za minyoo, za malaria, za kahawa, za kodi, za kuweka akiba posta, na hata ya Sungura na Chui. Baadaye, mwaka 1939, Uingereza ilianzisha Idara ya Filamu za Makoloni, na mkubwa wake William Sellers alifundisha kwamba filamu za Waafrika wasiosoma ziwe za mwendo wa polepole, zisizo na michezo ya kamera, kwa sababu akili zao hazitafuata. Na katika makoloni kadhaa wakaguzi waliipitisha filamu kwa Mzungu na kuizuia kwa Mwafrika, mtu mzima mwenye mke na watoto, kana kwamba umri wake ulikuwa ukihesabiwa kwa rangi.

Angalia jinsi maneno yao yanavyofanana na yetu. Polepole. Rahisi. Isiyo na madhara. Njema kwao. Sisi tunayasema hayo juu ya watoto, wao waliyasema juu ya babu zetu. Katika miaka ya 1950 ilitengenezwa Tanganyika filamu ya Muhogo Mchungu, na mhusika wake mkuu aliigizwa na kijana aliyekuwa mtumishi wa ustawi wa jamii, Rashidi Kawawa. Mwaka 1962 kijana huyo alikuwa Waziri Mkuu wa nchi huru. Watu waliodhaniwa kuwa ni watoto wa kuchaguliwa picha walikuwa tayari kuchagua serikali.

Basi yupo atakayesema: ikiwa uteuzi ule ulikuwa dhuluma, huu wetu ni haki kwa sababu gani? Je, si mtoto naye ni mtu? Na wahenga hawakusema mtoto akililia wembe mpe? Hoja hii haipaswi kudharauliwa. Nitaijibu kwa kutazama kilichokosekana katika uteuzi wa wakoloni, maana mara nyingi haki hujulikana kwa pengo lake.

Kwanza, wateuzi wale hawakula walichopika. Wao wenyewe jioni walikwenda kutazama filamu nyingine. Mama ampaye mtoto uji huuonja kwanza kwa ulimi wake mwenyewe, ajue moto wake na chumvi yake. Mzazi ampaye mtoto filamu asiyoitazama mwenyewe amefanya kama wakoloni, ijapokuwa ni mzazi: amemchagulia mtu kitu ambacho yeye hakukijali.

Pili, uteuzi wao haukusikiliza jibu. Filamu ilikuja katika gari, ilionyeshwa, ikaondoka. Bibi wa Ilembo hakusimulia hivyo. Msimulizi wetu huanza kwa kuita, hadithi hadithi, na hadithi haiendi mpaka wasikilizaji waitike iwe njoo. Tumeizoea desturi hiyo hata hatuoni uzito wake. Ni mkataba. Mtoto asipoitika, hakuna hadithi. Akilala, hadithi imekwisha. Akiuliza, hadithi husimama ikajibu. Simu haina mkataba huo. Itaendelea kuonyesha ijapokuwa mtoto amelala, na itaendelea ijapokuwa analia. Kwa hiyo mtu aliyeketi kando ndiye anayeurudisha mkataba. Yeye ndiye atakayesema: huyu mchawi ameitwa Mwafrika kwa sababu waliochora hawakutujua, hebu tazama mkono wa mchoraji ulivyo hodari, na ujue kuwa mkono hodari waweza kukosea. Yeye ndiye atakayesema: mwindaji huyu alimwua mama wa paa, nasi tunaye kiboko aliyelila shamba letu, tufanyeje? Filamu yenye kasoro, ikiwa na mtu kando yake, imekuwa somo. Filamu isiyo na kasoro, ikiwa haina mtu kando yake, ni yaya asiye na masikio.

Sanaa hii si ngeni kwetu. Watafsiri wa filamu, kama marehemu na walio hai waliosifika katika miji yetu, akiwamo Derek Mukandala aliyejulikana kwa jina la Lufufu, walisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu yenyewe, wakaeleza, wakatania, wakalaumu. Walimgeuza mtazamaji kuwa msikilizaji wa hadithi. Kila mzazi aweza kuwa mtafsiri wa namna hiyo nyumbani mwake, kwa lugha aliyonayo.

Tatu, na hili ni kubwa kuliko yote, uteuzi wa wakoloni haukukusudia kwisha. Mwafrika wao hakutarajiwa kukua. Uteuzi wa mzazi ni halali kwa sababu tangu siku ya kwanza unajua mwisho wake. Kwa mtoto wa miaka mitatu mzazi huchagua peke yake. Kwa wa miaka saba huchagua naye. Kwa wa miaka kumi na tano huulizwa shauri, akibahatika. Ule msemo wa wembe una hekima yake kwa aliyekwisha kukua kiasi cha kuona damu na kujua imetoka wapi. Jeraha la picha halitoi damu, na mdogo hawezi kulionyesha mahali lilipo. Mpaka atakapoweza kulionyesha, ni haki yake kulindwa. Atakapoweza, ni haki yake kuachwa.

Haya yote hayana maana kwamba mapya yatupwe. Mwaka 2010 zilitolewa katuni za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi kwa mtindo wa michoro ya Edward Saidi Tingatinga, mchoraji aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972, nazo zinasimulia hadithi za wanyama wa Afrika. Mwaka 2016 shirika la Ubongo la Dar es Salaam lilianza kipindi cha Akili and Me, cha msichana wa miaka minne akaaye chini ya mlima Kilimanjaro. Mtoto wa Mpanda akiviona vipindi hivyo huona uso unaofanana na wake na husikia lugha yake. Ni faida ambayo filamu ya mwaka 1926 haiwezi kumpa. Lakini navyo vionjwe, navyo vitazamwe pamoja. Uzawa wa kitu haumwondolei mzazi kazi yake, kama vile umri wa kitu usivyomwondolea.

Najua pingamizi moja limebaki, nalo ni la haki kuliko mengine. Mama auzaye mihogo sokoni tangu alfajiri, au baba aliye shambani penye mpunga, ataketi na mtoto saa ngapi? Ni rahisi kwa msomi kuandika juu ya kuketi. Jibu langu ni kwamba shauri hili halidai muda mwingi, ila ladai vitu vichache. Mtoto mdogo hachoki kurudiwa. Hadithi aliyoisikia mara kumi ndiyo anayoiomba mara ya kumi na moja. Filamu tatu au nne zilizoonjwa na mkubwa zatosha mwaka mzima, na hazili bando kila siku. Nusu saa ya jioni mara mbili kwa juma, pamoja na bibi, shangazi au kaka mkubwa aliyefundishwa kujibu maswali, ni bora kuliko saa nne za kila siku mbele ya kioo. Na siku ambayo hapana mtu wa kuketi, pasiwe na filamu. Uko uwanja, uko udongo, wako watoto wa jirani. Hivyo navyo ni vitu vya zamani, na vimepepetwa kwa ungo wa muda mrefu kuliko sinema.

Asiyefunzwa na mamaye, wahenga walisema, hufunzwa na ulimwengu. Zamani ulimwengu ulimngoja mtoto nje ya mlango mpaka atoke. Leo umeingia ndani na kuketi mkekani. Hatuwezi kuufukuza, wala si wote unaostahili kufukuzwa. Tunaweza kuketi hapo hapo mkekani, kati yake na mtoto, tukaitikia anapouliza, mpaka siku atakapotuambia kwa adabu kwamba sasa ataitazama peke yake. Na siku hiyo tuinuke bila ya kinyongo.